Aliyeketi Mkekani

Mdogo wangu aligongwa na lori akiwa amesimama kituoni, anasubiri daladala. Alikuwa na miaka 19. Hakuugua, hakuaga. Turubai lilifungwa uani kabla sijaamini, na watu wakaja na maneno yao: kazi ya Mungu haina makosa, sisi tulimpenda, Mungu kampenda zaidi. Walisema kwa huruma, najua. Lakini kila yaliposemwa, mama aliinamisha kichwa kama anayepigwa.

Kisha akaja bibi mmoja wa jumuiya yetu, mzee wa kanisa. Alivua kandambili, akaketi mkekani ubavuni pa mama, akasema, "Pole, mwanangu." Basi. Mama alipolia, alilia naye. Mama alipomlaumu Mungu kwa sauti hadi wengine wakaguna, bibi hakumnyamazisha. Alimshikia kikombe cha uji mpaka akanywa mafunda mawili. Usiku alilala palepale, kajifunika khanga yake. Siku ya tatu ndipo alipoomba, kwa ufupi, akimtaja marehemu kwa jina na kumwambia Mungu kwamba hatuelewi.

Huo ni ufundi, tena mgumu kuliko kuhubiri. Marafiki wa Ayubu waliuweza siku 7: waliketi naye chini, usiku na mchana, kimya. Waliharibu walipoanza kutafuta sababu. Na yale maneno ya Bwana kutoa na kutwaa, tunayopenda kuwaambia wafiwa, yalitoka kinywani mwa Ayubu mwenyewe. Hakuna mgeni aliyemsemea. Yesu naye, alipowataja wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao, wala hakueleza kwa nini wao. Kule Bethania alijua kwamba atamwamsha Lazaro, na bado alilia kwanza. Anayeamini ufufuo hana sababu ya kuharakisha machozi ya mwenzake.

Turubai likashushwa, viti vikarudishwa, simu zikapungua. Bibi aliendelea kuja kila Alhamisi jioni, miezi mingi, mara na ndizi, mara mikono mitupu. Alimuuliza mama habari za mtoto wake: alipenda kula nini, alicheka vipi. Mama alisimulia.

Kama mtaani kwako kuna nyumba ambayo turubai lake limeshashushwa, nenda wiki hii. Ukifika, keti.