Mnara Umefika, Mega Haijafika

Bandugu wasomi, leo niko na kitabu kimoja cha kuzungumzia. Si roman, si mashairi. Ni ripoti, na wengi wetu hatukuisikia hata siku moja darasani. Iliandikwa mwisho wa 1984, wakati nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaïre. Tume iliyoiandika iliongozwa na Mwingereza mmoja, Sir Donald Maitland, na iliundwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ule tunaoita UIT, kufuatana na mkutano wake mkubwa wa Nairobi wa 1982. Jina lake kwa Kifaransa ni Le Chaînon manquant, ni kusema ile pete inayokosekana katika mnyororo.

Niliisoma juu ya hasira. Acha niwaeleze kwanza hasira ilitoka wapi.

Nilikuwa Kindu, kwa mama mkubwa. Mdogo wangu, ambaye amemaliza licence, alikuwa anaomba bourse ya nje. Siku ya mwisho ya kutuma dosye ilikuwa ile, saa sita ya usiku. Karatasi zote zilikuwa tayari: diploma, relevé za pointi, barua mbili za maprofesa. Kutoka kwenye dirisha la nyumba tuliona taa nyekundu ya mnara. Karibu kabisa, kama mita 300. Tukanunua mega mara ya kwanza. Faili ikapanda mpaka 70 kwa mia, ikasimama, ikarudi sifuri. Tukanunua mara ya pili, halafu ya tatu, na ile ya tatu ilikuwa feza ya chakula cha kesho yake. Tukakimbia kwenye cyber, mwenyewe akatuambia mafuta ya jenereta yameisha. Saa sita ikapita. Mdogo wangu akazima simu, akasema polepole: « Yaya, rezo iko. Siye ndiyo hatuko. »

Sasa turudi kwenye ripoti, tuitendee haki. Wakati ule dunia ilikuwa na simu milioni 600 hivi, na robo tatu zilikuwa katika nchi tisa tu. Maitland na wenzake waliandika kwamba mji wa Tokyo peke yake ulikuwa na simu nyingi kuliko Afrika nzima. Walisema pia jambo ambalo wakubwa wengi hawakutaka kulisikia: simu si kitu cha anasa cha kungojea mpaka barabara na hospitali ziishe kujengwa, juu hiyo barabara na hiyo hospitali haziwezi kutumika vizuri bila mawasiliano. Mpaka leo ukurasa ule unasimama. Mtu aliyewahi kutafuta dawa kutoka kijiji kimoja mpaka kingine, bila kujua kama iko, anajua walisema kweli.

Kosa lake liko katika lengo lenyewe. Ripoti inasema kwamba mwanzo wa karne itakayofuata, karibu watu wote duniani wawe fasi ambapo wanaweza kufikia simu bila shida. Neno ni « kufikia ». Ripoti inalitazama kama jambo la umbali: waya iko mbali, tuilete karibu, kazi imekwisha. Lakini usiku ule wa Kindu sisi tulikuwa karibu. Mnara tuliuona kwa macho. Kwa hesabu ya aina hiyo, mdogo wangu ni mtu aliyefikiwa.

Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba warithi wa ripoti ile walibadilisha kifaa, hawakubadilisha hesabu. Mwaka 2003, katika mkutano wa dunia wa Genève juu ya jamii ya habari, wakaandika kwamba vijiji viunganishwe mpaka 2015. Rais Wade wa Senegal akaleta wazo la mfuko wa mshikamano wa digitali: kampuni inayopata soko la vifaa vya mawasiliano itoe kwa hiari asilimia 1. Mfuko ulifunguliwa Genève mwaka 2005, na baada ya miaka michache ukafungwa. Juu ya hiari, bandugu: nani anatoa asilimia 1 wakati mwenzake hatoi? Mwaka uleule wa 2005, kule Tunis, wakaonyesha kompyuta ndogo ya kijani ya watoto, yenye mkono wa kuzungusha ili itoe umeme, bei dola 100. Ilipoanza kuuzwa, ule mkono haukuwepo tena na bei ilikuwa karibu mara mbili. Mwaka 2007, Kigali, jirani kabisa na siye, wakatangaza ahadi za dola bilioni 55 za kuunganisha Afrika. Halafu malengo ya Umoja wa Mataifa ya 2015 yakasema nchi maskini zaidi zipate intaneti kwa wote, kwa bei inayowezekana, mpaka 2020. Mwaka 2024 UIT yenyewe ilihesabu kwamba katika Afrika watu 38 tu kwa mia wanatumia intaneti.

Sitaki kusema hakuna kilichofanyika. Rafiki yangu mmoja, mwenye kazi ya kupanda minara, aliniambia: « Wewe uko mtu wa kusahau. Bila mnara ungelalamika juu ya bei ya kitu gani? » Ana haki. Kebo ya WACS ilipofika Muanda na kuzinduliwa mwaka 2013, nchi yetu ilipata mlango wake yenyewe kwenye bahari, baada ya miaka mingi ya kutegemea satelaiti. Lakini Muanda mpaka Kindu ni karibu kilomita 1500 hata ukihesabu njia ya ndege, na kila kipande cha njia kiko na mwenyewe anayedai sehemu yake. Kebo inafika pwani kwa bei ya dunia, mega inafika kwetu kwa bei ya kwetu.

Tena, tuangalie namna gani simu yenyewe ilitufikia. Si kama ripoti ilivyofikiri. Miko Rwayitare na Telecel yake walianza simu za mkononi Kinshasa katika miaka ya 1980, zikiwa za mawaziri na wafanyabiashara wakubwa. Zikawa za wote siku ile mtu aliweza kununua yunite kidogokidogo, chini ya parasoli, bila kusaini mkataba. Na mwenye hakuwa na yunite alipiga bip, mwenzake akaelewa. Ule mlango ulifunguliwa na kipimo cha mfuko wa maskini. Lengo la kimataifa lililokuja nyuma lilikuwa na kipimo kingine: tume ya UIT na UNESCO juu ya intaneti ya kasi ilisema mpaka 2025 bei ya forfait ya kwanza isipite asilimia 2 ya pato la wastani la mwezi. Ni afadhali kuliko kuhesabu minara tu. Lakini wastani wa nani? Unajumlisha mwenye kampuni ya kobalti na mama anayeuza ndizi, unagawanya, unapata mtu ambaye hayuko. Mama wa ndizi hana pato la mwezi. Yuko na pato la leo, na mega ananunua na feza ya leo. Ni kwa hiyo ananunua zile ndogo za siku moja, na mara nyingi kila mega inamgharimu zaidi kuliko mwenye kununua za mwezi mzima.

Na bei hailetwi na kampuni peke yake. Kutoka 2020 mpaka mwanzo wa 2022, serikali yetu yenyewe ilikata kodi ya RAM kwenye yunite za wananchi: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na kupanda. Fikirini. Wakati mikutano ya nje inatafuta namna ya kuingiza maskini kwenye intaneti, sisi tulimwambia aliyeingia alipe zaidi kuliko aliyebaki nje. Kelele za watu na za wabunge ndizo zilifanya ifutwe.

Halafu kuna jambo ambalo siku za kuzindua kebo watu hawapendi kulitaja: mkono unaoshika ufunguo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima karibu siku 20. Minara ilibaki imesimama palepale. Katika orodha za kimataifa tulibaki tumeunganishwa.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya Le Chaînon manquant ni hii. Ripoti iliona vizuri pete iliyokosekana, ikafikiri ni moja tu. Kumbe pete ziko nyingi: waya, umeme wa kuchaji, bei ya siku, na sheria inayokataza kukata. Ukitengeneza moja na kuacha tatu, mnyororo haushiki kitu. Na wale waliofuata hawana udhuru wa Maitland, juu yeye hakuwa ameona simu mkononi mwa mama wa soko. Wao wameona.

Siye wenye diploma, tuko na kazi ndogo lakini ya lazima. Siku mradi mpya unakuja, na mabango, na kofia, na hotuba, tusiulize tu « mtafunika vijiji vingapi? » Tuulize: mtu wa hapa atafanya kazi saa ngapi kwa kununua mega za kutuma dosye moja? Umeme utatoka wapi? Na nani ana haki ya kuzima? Tuwaombe majibu yaandikwe, na mwaka unaofuata tuyasome tena mbele yao.

Mdogo wangu anatayarisha dosye nyingine. Safari hii amepunguza uzito wa faili zote, na amepanga kutuma wiki mbili mbele, saa tisa ya usiku, wakati mega za usiku ziko bei kidogo na watu wengi wamelala. Atafaulu, naamini. Lakini mtoto aliyesoma miaka kumi na saba, na mnara uko kwenye dirisha lake, haingefaa angoje watu walale ndiyo apate nafasi yake.