Kiitaliano cha Malindi

Mgeni kutoka Milano akifika Malindi hahitaji mkalimani. Wauza vinyago humlaki kwa "Buongiorno", humuuliza habari za Inter, na bei hutajwa baadaye kabisa. Wengi wao hawajakanyaga darasa la Kiitaliano. Wamekiokota ufukweni, hotelini na kwenye mikahawa ya piza.

Historia imechangia. Waitaliano walijenga kituo cha anga Ngomeni, kaskazini mwa mji, na mwaka 1967 satelaiti ya San Marco 2 ikarushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini. Watalii walikuja baadaye, wengine wakalowea.

Mtazame muuzaji hodari. Anapindua kinyago, anakikwangua kitako kwa kisu, anaonyesha kuwa weusi umeingia hadi ndani: huu ni mpingo, si mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Yote anayaeleza kwa Kiitaliano, vitenzi vingine vikienda kombo. Si kitu, mteja keshaelewa. Kampuni kubwa hulipa maofisa masoko kwa kazi hiyohiyo, na si wote wanaoiweza hivyo.

Akitokea Mjerumani, lugha hubadilika papo hapo. Bei nayo, wakati mwingine.