Fundi Aliyengoja Ukuta

Fundi yule alipofika nyumbani kwa mama mdogo, Mbamba Bay, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuugonga ukuta kwa mpini wa mwiko na kutega sikio. Aligonga chini, karibu na sakafu. Akapanda kidogo, akagonga tena. Akaenda hivyo chumba kwa chumba kama daktari anayegongagonga kifua cha mgonjwa. Penye lipu iliyoshikana na tofali mlio ulikuwa mfupi na mzito. Penye lipu iliyoachia, ukuta uliitika kama kibuyu kitupu. Mkononi alikuwa na kipande cha mkaa, na kila ukuta ulipoitika vibaya alichora duara. Alipomaliza, sebule ilikuwa imejaa maduara meusi, na mama mdogo amekaa barazani, hataki hata kutazama.

Ilikuwa mwisho wa Aprili. Wiki mbili kabla, mvua ya usiku mmoja ilikuwa imeshusha maji kutoka milimani. Yaliingia kwa mlango wa nyuma, yakafika usawa wa goti, na kufikia saa nne asubuhi yalikuwa yameshatoka, yameacha tope jekundu, godoro lisilofaa tena, na mstari ukutani ulionyooka kuliko wowote uliowahi kuchorwa na aliyeijenga nyumba ile.

Haikuwa mara ya kwanza. Miaka michache nyuma maji yaliingia vivyo hivyo, na fundi mwingine, mwenye maneno matamu, akaja na mifuko ya saruji kabla sakafu haijakauka. Alibandua palipobomoka, akapiga lipu mpya, akapaka rangi ya bluu. Jirani wakasifu. Kufikia Krismasi rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na chini ya malengelenge mlikuwa na unga mweupe ambao watoto walikuwa wakiulamba kwa kidole. Kisha lipu ikaanza kudondoka yenyewe usiku, bamba kwa bamba, mama mdogo akidhani ni mwizi.

Sababu yake si siri. Tofali la kuchoma la tanuru zetu za kienyeji hunywa maji kama utambi wa kibatari unavyokunywa mafuta ya taa. Maji yakifika gotini nje, ndani ya ukuta yanaendelea kupanda polepole hadi kiunoni. Yakiisha kupanda yanatafuta pa kutokea, na njia yake ni moja tu: kuufikia uso wa ukuta na kuondoka na hewa. Chumvi yaliyoiyeyusha njiani hayawezi kuondoka nayo. Huiacha hapo hapo usoni. Ukiufunga uso huo kwa saruji nzito, umeyafungia maji ndani ya ukuta na kuyawekea mlango. Chumvi hujikusanya nyuma ya mlango huo na kusukuma, na inapokuwa nyingi vya kutosha hushinda. Mafundi waliozoea kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Unguja wanalijua jambo hili, na ndiyo maana wakiona saruji imepakwa juu ya chokaa ya kale husikitika.

Fundi wa sasa alikuwa Mmatengo, ameshuka kutoka Mbinga kwa ile barabara ya lami ya kilomita 66 inayotelemka hadi ziwani. Baada ya kugonga kuta alitoka nje, akaipa nyumba mgongo, akatazama mlima.

"Mama, haya maji yametoka wapi?"

"Ziwani, baba. Si unaona lilivyojaa?"

Jibu hilo lina haki yake. Ziwa Nyasa hupanda na kushuka kwa karibu mita moja kila mwaka, na kilele chake huja mvua zinapokwisha, wakati ule ule watu wanapohesabu hasara. Tena lina tabia za muda mrefu: maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Shire, na mwanzoni mwa karne iliyopita mdomo wa mto huo uliziba kwa mchanga na majani kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ziwa lilijaa hadi likavila vijiji vya mwambao. Wazee wa Liuli na Lituhi wanapolitazama kwa mashaka wana sababu. Lakini nyumba ya mama mdogo iko juu zaidi ya pale ziwa linapofika, na fundi aliliona hilo kwa kutembea hatua hamsini. Upande wa juu, mtaro wa zamani ulikuwa umezibwa kwa taka na kifusi, na ua wa jirani ulikuwa umeinuliwa. Maji ya mlimani yalikosa njia yakapita sebuleni.

Sitaki kumfanya mtu awe na hekima kwa sababu tu ya kabila lake. Wamatengo nao wana mafundi wabovu. Ila sikuweza kutofikiria ngolo, vishimo vya kilimo vya Wamatengo. Kule Mbinga, kwenye miteremko ambayo mbuzi wanasita kuipanda, wakulima wamelima kwa vishimo hivyo vizazi na vizazi: nyasi zinafyekwa, zinapangwa miraba miraba, kisha udongo wa katikati unatupwa juu yake, na mlima wote unabaki kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, kila shimo linapokea fungu lake na kuinyonyesha ardhi taratibu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Japani walikuja kuzisoma miaka ya 1990. Mtu aliyekua akikanyaga kingo za ngolo, haijalishi alisomea wapi uashi, hawezi kuyaona maji kama mwizi aliyevunja mlango. Atauliza yalikuwa yanakwenda wapi.

Basi akazibua mtaro kwanza. Siku nne za sululu na sepeto, na ukuta haujaguswa. Ndipo akabandua lipu yote hadi juu ya kiuno, hata ile iliyoonekana nzima, akapanga kifusi nje, akafungua madirisha, akasema anaondoka.

"Unarudi lini?"

"Ukuta ukikauka, mama. Julai. Labda Agosti."

Mama mdogo alinipigia simu usiku ule akilalamika kwamba nimemletea mvivu. Nami, nakiri, nilikuwa na wasiwasi wake. Tumezoea kupima fundi kwa jasho. Tunamlipa kwa siku au kwa kazi, na katika hesabu zote mbili kungoja hakuna bei. Anayepiga lipu mbichi juu ya ukuta mbichi hulipwa mapema na husifiwa. Anayekataa hupoteza wiki kumi za riziki kwenye nyumba hiyo na huitwa mvivu juu yake. Fundi huyu alikuwa ameliona hilo kabla yetu. Makubaliano yake, yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya balozi, yaligawa malipo mara tatu: mtaro na ubanduaji, uashi, kisha lipu na rangi. Siku za kungoja hakudai senti. Alikwenda kufanya kazi kwingine.

Siku hizi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana mpango wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza kazini hupimwa na kupewa cheti bila kukalia dawati. Ni mpango mzuri. Ila sijui mpimaji atamwekea alama gani mtu kwa lipu ambayo hakuipiga.

Alirudi Juni, bila kuitwa, kuangalia. Kwenye ufa mmoja wa pembeni ya dirisha alibandika donge dogo la lipu, akaandika juu yake tarehe kwa penseli. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaambiwa tangu utotoni, na nadhani methali hiyo imewaponza wengi, maana ufa ambao bado unatembea ukizibwa unahamia pembeni tu. Donge likipasuka, msingi bado unashuka. Halikupasuka. Jioni akabandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zimezibwa kwa gundi ya karatasi. Asubuhi kilikuwa kimetoa jasho kwa ndani. Akakibandua, akaaga.

Wakati huo ule upepo wa kusini, ambao watu wa ziwa huuita mwera, ulikuwa umeanza. Wavuvi wanauogopa, na mitumbwi hulala mchangani. Lakini ulipita katikati ya nyumba ile kwa madirisha wazi, mchana kutwa, ukifanya kazi ambayo hakuna saidia fundi angeiweza. Mwanzoni mwa Agosti alirudi, akabandika nailoni tena; asubuhi ilikuwa kavu.

Ndipo nikaona mikono yake. Pembe ya nyuma, ambako matofali yalikuwa yameunganishwa kwa udongo na udongo umeyeyuka, aliishikiza kwa mirunda, akachomoa tofali moja moja kama mtu anayeng'oa jino la mtoto, akarudisha jipya kabla ya kugusa la jirani. Mchanga wa ufukweni, ambao mama mdogo aliuona wa bure tena mweupe, aliukataa kwa kuwa ni laini mno. Wa mtoni aliutia kwenye chupa ya maji, akatikisa, akauacha utulie, akapima kwa kidole unene wa tope lililoketi juu. Saruji alitia kidogo kuliko nilivyotarajia, akaongeza chokaa, maana tofali dhaifu likivishwa lipu ngumu huraruliwa nayo. Nyaya hakuzigusa. Alisema swichi zimelowa, aitwe fundi umeme mwenye leseni. Hapo ndipo nilipoacha kuwa na wasiwasi naye.

Lipu ilipokamilika alianza kuimwagilia maji, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Mama mdogo alishindwa kuvumilia.

"Fundi, miezi mitatu umeyafukuza maji, leo unayarudisha kwa ndoo?"

"Yale yalikuja yenyewe, mama. Haya nimeyaita."

Nyuma ya mlango wa jikoni aliacha kipande cha ukuta bila lipu, ukubwa wa sahani, karibu na sakafu. Nilidhani amesahau. Mvua za Desemba zilipoanza nilikuwa pale, na kulipopambazuka nilimkuta mama mdogo amechuchumaa jikoni, khanga begani, kiganja amekilaza juu ya lile tofali tupu.

"Vipi?"

Akaninyamazisha kwa mkono wa pili, akaendelea kusikiliza.