Mambéty Hakuwa Kasuku wa Paris

Wahakiki kadhaa wamedai kwamba Djibril Diop Mambéty wa Senegali aliwaiga Wafaransa tu. Eti picha zinakatwakatwa, hadithi hainyooki, basi mtindo huo ni wa Paris! Mimi sikubaliani nao.

Hebu tuitazame *Touki Bouki* ya mwaka 1973. Inaanza na mtoto aliyepanda ng'ombe, anaswaga kundi. Mara tumo machinjioni, damu imetapakaa. Kisha anatokea Mory na pikipiki yake yenye fuvu la ng'ombe, pembe mbele. Yeye na Anta wanamwibia tajiri mmoja nguo na fedha ili wapande meli kwenda Ufaransa. Bandarini Mory anageuka na kutimua mbio, Anta anasafiri. Lakini sisi tulishaonyeshwa mapema wanaoswagwa huishia wapi. Hapo fani ndiyo iliyobeba maudhui. Kuiita pambo la kuazima ni uvivu wa kutazama, jamani.

Tena Mambéty, mwigizaji wa jukwaani ambaye hakusomea filamu chuoni, alipotaka kuazima aliazima waziwazi. *Hyènes* (1992), filamu yake ndefu ya pili na ya mwisho, imetokana na tamthilia ya Mswisi Dürrenmatt. Aliihamishia Colobane, mtaa wa Dakar alikozaliwa mwaka 1945, na humo bibi tajiri anawanunua watu wamuue mwanamume aliyemtelekeza ujanani.

Alifariki mwaka 1998. Filamu yake fupi kuhusu binti wa magongo anayeuza magazeti Dakar ilitoka 1999, na hadithi yake imenyooka kabisa. Wanaodai hakujua kusimulia waanzie hapo.