Nani Anayejiunda? Uhakiki wa Lugha ya Mpangilio katika Nadharia za Fuwele Kimiminika kuanzia Lehmann hadi Onsager

1.0 Utangulizi

Mwaka 1888, Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Prague, aligundua kwamba benzoati ya kolesterili ina viwango viwili vya kuyeyuka. Katika nyuzijoto 145.5 za Selsiasi iligeuka kuwa kiowevu chenye ukungu. Katika nyuzijoto 178.5 ukungu huo ulitoweka na kiowevu kikawa angavu. Reinitzer alimwandikia mwanafizikia Otto Lehmann, ambaye alikuwa na hadubini iliyoweza kuchunguza dutu ikiwa katika joto. Lehmann aliona kwamba dutu hiyo yenye ukungu hutiririka kama kiowevu, na papo hapo huathiri mwanga kama ifanyavyo fuwele. Hali hiyo haikuwa na jina.

Uhakiki huu unashughulikia majina yaliyotolewa baadaye na mzigo wa maana uliobebwa nayo. Hoja yake ya msingi ni kwamba lugha ya taaluma hii imekuwa ikizipa molekuli utendaji zisio nao, na kwamba neno la Kiswahili "kujiunda" linaweza kuurithi udhaifu huo lisipotumiwa kwa uangalifu. Uhakiki umejengwa juu ya matini tatu: maandishi ya Lehmann, tasnifu ya Georges Friedel ya mwaka 1922, na makala ya Lars Onsager ya mwaka 1949. Kisha unatumia mfano mmoja, virusi vya batobato ya tumbaku, kuyapima matokeo.

2.0 Sitiari ya Uhai kwa Lehmann

Mwaka 1889 Lehmann aliziita dutu hizo fuwele zinazotiririka. Baadaye alizoea kuziita fuwele kimiminika, jina alilolipa kitabu chake cha mwaka 1904. Jina hilo lilikuwa na ushupavu, kwa kuwa liliunganisha maneno mawili yaliyodhaniwa kukanushana. Wapinzani wake, hasa Gustav Tammann, walishikilia kwamba ukungu ule ulitokana na mchanganyiko wa dutu mbili. Katika mjadala huo Lehmann ndiye aliyethibitika kuwa sahihi: ilikuwa dutu moja katika hali moja.

Udhaifu wake uko kwingine. Alipoona matone yakikua, yakigawanyika na kuungana, alianza kuyalinganisha na viumbe hai. Kijitabu chake cha mwaka 1906 kilizihusisha fuwele kimiminika na nadharia za uhai, na mwaka 1907 aliandika juu ya fuwele "zinazoonekana kuwa hai". Neno "zinazoonekana" linastahili kuzingatiwa, kwa sababu linadhihirisha kwamba Lehmann aliijua tofauti kati ya mfanano na utambulisho. Hata hivyo, tahadhari ya mwandishi haikumfunga msomaji. Mwaka 1917 Ernst Haeckel, akitegemea kwa kiasi fulani matokeo ya Lehmann, alichapisha Kristallseelen, kitabu ambacho jina lake lenyewe linazipa fuwele roho. Sitiari iliyoanza kama msaada wa kuona iligeuzwa kuwa dai kuhusu maumbile. Hapa ndipo uchaguzi wa neno unapoacha kuwa suala la mtindo tu.

3.0 Friedel kama Mhakiki wa Lugha

Tasnifu ya Friedel, Les états mésomorphes de la matière, husomwa zaidi kama kazi ya uainishaji. Inafaa pia isomwe kama uhakiki wa istilahi. Friedel aliyakataa majina ya Lehmann kwa hoja kwamba dutu hizi si fuwele halisi, wala si viowevu vya kawaida. Ni hali za katikati zenye tabia zake. Alipendekeza ziitwe hali za mesomofi, yaani zenye umbo la katikati. Kisha alizigawa kwa kutumia kile kinachoonekana: nematiki, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya uzi, kwa sababu ya nyuzi zinazoonekana chini ya hadubini; na smektiki, kutoka neno lenye maana ya sabuni, kwa kuwa sabuni ni mfano wa dutu zenye matabaka ya namna hiyo. Kolesteriki aliihesabu kuwa aina ya nematiki.

Mbinu hii ina faida kubwa. Jina la Friedel halidai chochote kuhusu nia, roho wala uhai. Linataja umbo tu. Historia, hata hivyo, ilimpa ushindi nusu. Majina yake ya aina yamedumu, lakini jina kuu lililobaki vinywani mwa watu ni lile la Lehmann alilolipinga. Aidha, nguvu ya Friedel ndiyo mpaka wake. Jina linalotokana na umbo hunyamaza kuhusu sababu. Kusema kwamba dutu ni nematiki ni kueleza kwamba molekuli zake zinaelekea upande mmoja kwa wastani. Swali la kilichozielekeza linabaki wazi.

4.0 Onsager: Mpangilio Usio na Mpangaji

Jibu la kushangaza zaidi kwa swali hilo lilitolewa na Onsager mwaka 1949. Alichukua fito nyembamba na ngumu, ambazo hazivutani kabisa. Sharti pekee ni kwamba ufito mmoja hauwezi kupenya mwingine. Zikiwa chache, fito huelekea kila upande. Zikiongezeka, kila ufito uliokaa mshazari humnyima jirani yake nafasi. Fito zikielekea upande mmoja, hupoteza uhuru wa kugeuka lakini hupata uhuru mkubwa zaidi wa kusogea. Zikifika msongamano fulani, faida huzidi hasara, na entropi ya mfumo mzima huongezeka pale pale mpangilio unapotokea. Kwa fito zenye urefu mara 100 ya upana wake, hesabu hiyo inaweka badiliko hilo pale zinapojaza kati ya asilimia 3 na 5 ya ujazo.

Athari ya hoja hii kwa lugha ni nzito. Hapa hakuna ufito unaomtafuta mwenzake, wala unaojipanga. Mpangilio ni matokeo ya kunyimana nafasi. Maneno kama "kuvutana", "kushikamana" au "kujipanga" yanaeleza kinyume cha utaratibu wenyewe.

5.0 Kipimo: Virusi vya Batobato ya Tumbaku

Virusi hivi vinafaa kuwa kipimo kwa sababu vinaonesha michakato miwili ambayo mara nyingi huwekwa chini ya neno moja. Kirusi kimoja ni ufito wenye urefu wa takribani nanometa 300 na upana wa nanometa 18, uliojengwa kwa nakala 2,130 za protini moja zinazozunguka uzi wa RNA.

Mchakato wa kwanza ni kujengeka kwa ufito. Mwaka 1955 Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walichanganya protini na RNA zilizokuwa zimetenganishwa, wakapata virusi vyenye uwezo wa kuambukiza. Tukio hili hutajwa kama kielelezo cha kujiunda. Lakini protini hizo huungana zaidi joto linapoongezeka, kwa kuwa maji yaliyozifunika huachiliwa, na kiwango cha asidi na chumvi huchaguliwa na mwanakemia. Sehemu ya kazi inayohesabiwa kuwa ya protini "zenyewe" inafanywa na maji na na mazingira.

Mchakato wa pili ni kupangika kwa fito zilizokwisha kujengeka. Mwaka 1936 Bawden, Pirie, Bernal na Fankuchen walieleza kwamba myeyuko wa virusi hivyo hujitenga katika matabaka mawili, la chini likiwa na tabia ya fuwele kimiminika. Fito hizi zina chaji, hivyo si fito tupu za Onsager. Hata hivyo, umbo na msongamano ndivyo kiini cha maelezo. Katika mchakato wa kwanza sehemu hugusana na kufungana. Katika wa pili, fito husukumana na kupishana.

6.0 Kiambishi -ji- na Kauli ya Kutendeka

George Whitesides na Bartosz Grzybowski, katika makala yao ya mwaka 2002, walifafanua kujiunda kama kupangika kwa sehemu katika ruwaza au miundo bila binadamu kuingilia kati. Fasili hii inaeleza nani hayupo. Haielezi nini kipo.

Katika Kiswahili, kiambishi rejeshi -ji- humfanya mtenda awe pia mtendwa. Inaweza kupingwa kwamba -ji- haidai nia siku zote, kwani husemwa "mlango umejifunga" bila kuupa mlango akili. Pingamizi hili ni la haki. Lakini hata hapo msemaji ameuondoa upepo katika sentensi, na upepo ndio sababu.

Kauli ya kutendeka, kama katika "zimepangika", hutaja hali iliyofikiwa bila kumtaja mtenda. Nayo ina utata wake: "zinapangika" inaweza kueleweka kuwa zinaweza kupangwa, kama vile "kinavunjika" huweza kutaja udhaifu wa kikombe kabla hakijavunjika. Utata huo hupungua kiambishi -me- kinapotumika. Kauli ya kutendana, "kuungana", inafaa pale tu sehemu zinapofungana kweli.

7.0 Hitimisho

Haihitajiki kuliondoa neno "kujiunda" kama jina la uwanja. Jina la Lehmann nalo lilidumu licha ya kasoro zake. Kinachohitajika ni kutolichukulia jina kuwa maelezo. Protini za kirusi zimeungana maji yalipoachiliwa. Fito zimepangika kwa kusongamana. Kila sentensi kati ya hizi mbili inataja sababu yake, na kitenzi chake kinafuata utaratibu uliopo. Tasnifu ya sayansi inayoandikwa kwa Kiswahili inayo nyenzo za kulitenda hilo katika mofolojia ya kitenzi chake, na mtahini ana haki ya kuuliza, kila akutanapo na -ji-, ni kitu gani kimefichwa nyuma yake.