Rousseau na dini ya inchi

Wafrateri wa filozofia wanakisoma kitabu cha Jean-Jacques Rousseau, Du contrat social, kilichotoka mwaka 1762. Katika sehemu ya nne, sura ya 8, anauliza: dini gani inategemeza inchi? Mkatoliki, asema, ana wakubwa wawili na sheria mbili; hawezi kutii wote sawasawa. Anamsifu Muhammad aliyeunganisha dini na utawala. Kisha anatunga dini yake: kuamini Mungu, uzima wa baadaye na utakatifu wa sheria. Asiyesadiki afukuzwe; aliyekiri kisha akatenda kama asiyesadiki, auawe.

Tusimchekelee. Mambo yetu yenyewe yanaonyesha kwamba wakubwa wawili wanaweza kuharibiana. Kwa mapatano ya tarehe 26 Mei 1906, Serikali ya Leopold II iliahidi kila misioni hektari 100 mpaka 200, nayo misioni ifungue masomo. Simon Kimbangu alipohukumiwa mwaka 1921, akabaki kifungoni mpaka kufa Elisabethville mwaka 1951, sisi Wakatoliki hatukusimama upande wake. Anayekula mezani pa mkubwa anaona shida kumwonya.

Lakini dawa yake Rousseau ni mbaya kuliko ugonjwa. Umoja ule anaousifu haukuwazuia Waislamu wenyewe kumwua Kalifa Uthman mwaka 656. Nasi tuliionja dawa hiyo. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristu, na Kardinali Malula akaenda kukaa Roma. Mwaka 1974 waziri wake alisema chama cha M.P.R. kihesabiwe kama Eklezya, na Mobutu kama Masiya wake. Je, amani ilikuja? Mwaka 1977 vita ilizuka Shaba, na mali ya inchi iliendelea kuliwa. Tarehe 16 Februari 1992 wakristu wa Kinshasa walitembea wakidai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena. Waaskari wakawapiga risasi.

Hapa ndipo kosa la Rousseau. Anadhani inchi inasimama kwa sababu hakuna anayebisha. Kumbe Serikali inayojifanya dini haina tena mtu wa kuiambia: umekosa. Ukuta usiopimwa kwa timazi unaanguka bila onyo.

Basi, wandugu mapadri na wakatekista, wakubwa wawili ni faida kwa inchi, kwa sharti moja: yule wa altare asiwe mdeni wa yule wa kiti. Zawadi inapofika misioni kabla ya uchaguzi, tukumbuke hektari zile.