Barua za Bibi Aliyechukuliwa kwa Machela



Kitabu ninachotaka kukizungumza leo si kitabu cha dini, wala hakikuandikwa na mtu wa dini yetu. Ni barua za bibi wa Kiingereza, Emily Eden, alizompelekea dada yake kwao Uingereza kutoka Bara Hindi baina ya mwaka 1837 na 1840, kisha akazichapisha mwaka 1866 kwa jina la Up the Country. Mimi lugha hiyo sikuisoma chuoni. Alinifasiria mwanafunzi wangu wa zamani, baada ya Isha, na usiku mwingi tulichelewa kulala. Najua wako watakaouliza, ya nini mwalimu wa chuo kujishughulisha na barua za dada yake Gavana? Ngojeni kidogo.

Kaka yake, Lord Auckland, alikuwa Gavana Jenerali wa Bara Hindi tangu 1836 hata 1842. Hakuwa na mke, basi dada zake wawili, Emily na Fanny, walifuatana naye wakamshikia nyumba. Oktoba 1837 walitoka Calcutta kuzuru majimbo ya juu, na Simla, kule milimani, hawakufika ila Aprili 1838. Bibi anahesabu msafara wao: watu kiasi cha 12,000, ngamia 850, ndovu 140. Ni mji mzima unaong'olewa alfajiri na kusimamishwa upya mbele ya safari. Naye amechoka. Vumbi limemchosha, mahema yamemchosha, adabu za karamu zimemchosha, na nyumbani anakutamani mpaka msomaji humwonea imani. Huwacheka wakubwa wenzake, hujicheka na nafsi yake. Haandiki kwa kusimama juu ya mimbari. Anaandika kama mtu aliyekaa kitandani na dada yake mlango umefungwa. Hiyo ndiyo fadhila ya barua ya nyumbani, na ripoti za serikali, hata zikijaa sandarusi mia, hazina fadhila hiyo.

Msafara ule ukapita Kanpur wakati wa njaa kuu ya 1837 na 1838, mvua zilipokosekana. Hukadiriwa kuwa watu wapatao laki nane walikufa. Bibi haugeuzi uso wake. Anawaeleza watoto waliobaki ngozi na mifupa, na anaeleza kitoto kimoja kichanga kilichookotwa karibu na mazizi ya farasi, ambacho mama yake alikuwa akikileta kila siku kupewa maziwa. Mwanafunzi wangu alinyamaza hapo, nami sikumharakisha. Lakini msomaji mwenye akili hawezi kujizuia kuuliza: watu 12,000 na wanyama wao wanakula nini katika nchi isiyokuwa na chakula? Na kodi ya ardhi iliyokusanywa na Kampuni kwa wakulima wale wale miaka iliyotangulia ilikwenda wapi? Baadaye, huko Simla, wazungu walicheza michezo ya kuigiza ili fedha ziwafikie wenye njaa wa Agra. Kijana alicheka. Nikamwambia asicheke, kwani rupia iliyotoka mchezoni hununua unga kama rupia nyingine. Lakini sadaka haifuti hesabu ya aliyechukua kwanza.

Simla wakati huo ilikuwa mji mchanga. Waingereza waliipata baada ya vita vyao na Wagurkha vya 1814 hata 1816, wakajenga nyumba zao humo kukimbia joto. Njia zake ni nyembamba, upande mmoja jabali na upande mmoja korongo, na bibi hupita kwa kiti kinachochukuliwa na watu, yaani machela kwa lugha yetu. Anaeleza milima ya theluji, miti, maua na baridi iliyomrudishia afya, na maelezo hayo ni mazuri kweli, sitaki kuyadhulumu. Ila mbwa wake, Chance, tunamjua kwa jina, na wachukuzi wa machela, kwa jumla, ni kundi tu. Katika nchi ile ya milima watu wa vijiji walitwaliwa kwa kazi ya shokoa kuchukua mizigo ya wakubwa. Anayechukuliwa huona theluji. Anayechukua huona kisigino cha mwenzake.

Sasa nifike kwenye barua iliyonifanya niandike makala haya. Mei 1839 walifanya karamu ya kuzaliwa kwa Malkia Victoria. Jina la Malkia liliandikwa kwa herufi kubwa mno, na pamoja nalo jina la Kandahar, kwani jeshi la Gavana lilikuwa limekwisha kuutwaa mji huo katika vita vya Afghanistan. Wazungu 105 wanacheza dansi na kula samaki walioletwa kutoka Uskoti, na pembeni wamesimama watu wa milimani wasiopungua 3,000, wamejifunika mablanketi, wakiinama kila mzungu akisogea. Bibi akatazama, akamwandikia dada yake kwamba wakati mwingine hustaajabu mbona watu hawa hawatukati vichwa sote mambo yakaisha.

Ameona. Katika karamu ile yote amepata mtu mmoja wa kuona. Kisha barua ikaendelea na mambo mengine.

Hapa ndipo ninapomlaumu. Kandahar ile iliyopambwa kwa herufi ilikuwa mlango wa msiba. Azimio la vita lilitolewa Simla yenyewe, tarehe 1 Oktoba 1838, na kaka yake, ili Dost Mohammad Khan aondolewe na Shah Shuja awekwe Kabul. Januari 1842 watu kiasi cha 16,000 walitoka Kabul kurudi nyuma, askari 4,500 na waliobaki ni watumishi na familia, wengi wao Wahindi. Risasi na theluji viliwamaliza karibu wote, na wachache wakatekwa. Walikufa wapagazi wasioandikiwa barua na mtu.

Hata hivyo, kwa insafu, barua hizi zilipochapishwa 1866, baada ya Kabul na baada ya maasi ya 1857 yaliyoifanya Kanpur ile ile kuwa uwanja wa damu, angeweza kuyafuta maneno yale ya vichwa. Hakuyafuta. Tumeamrishwa kusema haki japo juu ya nafsi zetu, na bibi huyu, ambaye hakuamrishwa kwa kitabu chetu, alifika nusu ya njia. Alichosikitikia katika utangulizi wake ni kwamba reli imeondoa fahari ya safari za zamani. Wachukuzi, nadhani, hawakusikitika.

Mwanafunzi wangu sasa ananakili barua za babu yangu aliyekwenda bara. Katika mojawapo pembe zimeandikwa kwa uzani, jino kwa jino, na wapagazi wameandikwa kwa idadi. Aliniuliza kama aiache barua hiyo. Nimemwambia ainakili kama ilivyo.